Masharti ya Simai Radi

Mdogo wangu Nadir hajui Kitaliana. Nakwambieni mapema ili baadaye msinipotezee wakati kwa kuniuliza, "Kwani na wewe ulikuwa hujui?" Nlikuwa najua. Lakini mtaa mzima wa Mpendae ulikuwa ukiamini kuwa anakijua, na mimi ni nani nikauvunje moyo mtaa mzima?

Hicho Kitaliana chake kilianzia Kiwengwa, katika jiko la hoteli moja ya Wataliana alikokuwa akiosha vyombo. Alikaa huko miaka, akarudi na vidole vilivyochujuka kwa sabuni, na maneno ya sahani, gilasi, haraka na ondoka hapa. Kwa muosha vyombo hayo yanatosha. Alirudi pia na flashi aliyopewa na meneja, ambayo familia ya wageni iliisahau chumbani. Ilikuwa imejaa katuni za mtu mmoja: kijana wa nywele za rangi ya mahindi, kidevu kipana kama mkate wa mofa, joho jekundu mgongoni, glovu za buluu mikononi na mkanda unaotoa mwangaza kiunoni. Anapaa, anaona kilicho nyuma ya kuta, ananyanyua gari kwa mkono mmoja. Jina lake la kwao, Nadir hakuweza kulitamka, kwa hivyo akampa jengine. Akamwita Simai Radi.

Basi akakodi kibanda cha mabati kwa Mzee Abdulrazak, nyuma ya nyumba yake, akatia televisheni, akatandika mikeka, akajiwekea kiti pembeni na maikrofoni. Watoto wakitoka skuli na chuo cha Kurani wanaingia. Simai Radi anafungua mdomo kule, Nadir anafungua mdomo huku. Watu waliamini kuwa kila anachokisema Mtaliana ndicho anachokisema Nadir kwa Kiswahili. Mimi nauza badia za kunde na barafu za ukwaju pale pale mlangoni, namsikia kila siku, na nnakwambieni hakufasiri hata neno moja. Alikuwa akitunga! Ati Simai Radi kazaliwa Makunduchi, mamake msuka ukili, na ana mjomba wake mbaya anayemwinda ampokonye mkanda. Mtaliana gani huyo mwenye mjomba Makunduchi? Lakini watoto walikuwa wakicheka mpaka wanagaragara, na badia zikitoka zikiwa moto, basi mie nikanyamaza zangu.

Na mumjue Nadir alivyo. Nje ya kibanda ni mtu wa kuinamisha kichwa. Ukimsalimu anajibu ndani ya kola ya shati. Alipotaka kuchumbia alinituma mimi nikamsemee, na walipomkataa nikalipokea mimi lile jibu nikamletea nyumbani, naye akasema, "Ahsante, dada," kama kaletewa chumvi. Lakini mpe maikrofoni! Sauti inamtoka sijui wapi, nene, ya kiume, mabati yanatetemeka. Alikuwa na raha mle ndani ambayo mimi sikupata kumwona nayo pahala pengine popote. Ndiyo maana ilipotokea ya Muzna nliogopa. Nlijua kibanda kikifungwa Nadir atarudi kuosha sahani, na safari hii hatorudi na kitu.

Muzna ni binti wa Bi Shariffa, jirani yetu. Ana miaka minane na hajui kukaa kitako. Mamake ni mtu wa watu. Wazee wao walikuwa na mashamba ya mikarafuu zamani hizo. Leo Bi Shariffa anauza udi na mafuta mazuri kwa simu, lakini ile namna ya kusema "mashambani kwetu" hajaiacha. Alipoletewa mtandio mwekundu wa hariri kutoka Maskati, tuliitwa sote tukautazame. Kuugusa hakuruhusiwa mtu.

Muzna akaugusa. Alasiri moja, mamake yumo ndani anapigiana simu na wateja, mtoto alijifunga ule mtandio shingoni, akavaa glovu za mpira za kuoshea vyombo, akajikaza kiuno kwa mkanda wa abaya ya mamake, akapanda juu ya jukwaa la tangi la maji. Huko juu akapaza sauti akasema yale maneno ambayo Simai Radi huyasema mwanzo wa kila katuni: "Mwenye joho jekundu haanguki! Neno ni kujiamini!" Akajiamini, akaruka.

Alifikia mkono. Bi Shariffa alitoka mbio kichwa wazi, akapiga ukelele uliotutoa sote majumbani. "Mwanangu! Mtandio wangu! Mwanangu!" Mimi namstahi Bi Shariffa, kwa hivyo nasema mwana alitajwa mara mbili na mtandio mara moja tu.

Hospitali walimfunga plasta kutoka kwapani mpaka vidoleni. Daktari akasema kiwiko kimevunjika pabaya, na pengine mkono hautonyooka tena sawasawa. Hapo hakuna aliyekuwa na la kuchekesha. Nadir alipoletewa habari alikaa chini pale pale uwanjani, kwenye vumbi, na suruali yake safi.

Bi Shariffa akaenda moja kwa moja kwa Mzee Abdulrazak: kibanda kifungwe. Mzee ni mtu wa taratibu, hafungi wala hafungui kitu bila ya watu kukaa. Akasema wazazi wakutane Ijumaa baada ya sala, kila mtu aseme lake, kisha yeye ataamua. "Na Nadir aje atueleze huyo Mtaliana anawaambia nini watoto wetu khasa. Mwambieni na Amjad aje, atusaidie kusikiliza."

Amjad! Amjad ni kijana wa hapa hapa mtaani, anatembeza wageni Mji Mkongwe, na Kitaliana anakisema mpaka Wataliana wenyewe wanamuuliza kasomea mji gani. Kibandani alikuwa hajapata kuingia, maana saa za watoto ndizo saa zake za wageni. Na wale vijana wengine wanaokijua kutwa wako Kiwengwa. Ndivyo Nadir alivyosalimika siku zote hizo.

"Dada," akaniambia, "mie ntaondoka. Ntakwenda Pemba."

"Pemba kuna nini?"

"Hakuna anayenijua."

"Hebu inuka hapo!" nikamwambia. "Vaa viatu. Tunakwenda kwa Amjad kabla Amjad hajaja kwetu."

Tulimkuta Shangani, mbele ya mlango mkubwa wa kuchonga, kazungukwa na Wataliana wenye kofia. Mkono wake mmoja ulikuwa juu unaonyesha dirisha, wa pili kifuani. Wanawake wa Kitaliana walikuwa wakifuta macho. Tukangoja mpaka akawapa nafasi ya kupiga picha.

"Umewaambia nini hao mpaka wanalia?" nikamuuliza.

"Shikamoo, Bi Mwanapili. Nimewaambia binti wa mfalme alijirusha kutoka dirisha lile kwa ajili ya mapenzi."

"Marahaba. Nyumba ile ilikuwa ya muuza masufuria. Bibi yangu alikuwa akiwafulia."

"Najua," akasema Amjad. "Lakini nani atakayetoa bakhshishi kwa masufuria?"

Nadir akampa simu. Alikuwa ameurikodi ule mwanzo wa katuni: Simai Radi kasimama juu ya mlima, anashika joho lake, anaonyesha glovu, anagonga mkanda, kisha anatikisa kidole. Amjad alitazama huku anatabasamu, halafu akaacha kutabasamu. Akairudisha nyuma, akatazama tena.

"Nadir, wewe hapa huwa unasema anasema nini?"

Nadir akayasema yale ya mwenye joho jekundu haanguki, kwa sauti ya mtu anayeomba maji.

Amjad alicheka mpaka akakaa barazani. Wataliana wakacheka na wao, bila ya kujua wanacheka nini. Alipopata pumzi akatufasiria, polepole, na uso wake ukawa unakunjuka na kukunjana. "Anasema hivi: Rafiki zangu wadogo, joho langu liko moja tu duniani, na linanitii mimi peke yangu. Bila ya joho hili naanguka kama nyinyi. Likirowa halifanyi kazi. Glovu bila ya mkanda ni glovu tu. Kwa hivyo msipande juu na msiruke. Anayenipenda abaki chini."

"Anasema hivyo kila mara?" Nadir akauliza.

"Kila mwanzo. Ndiyo maana akatikisa kidole."

Lahaula! Kidole! Kile kidole tulikuwa tukikiona sote, kulia kushoto, kulia kushoto, na kichwa kinakataa juu yake. Kidole cha kukataza hakitaki mfasiri. Hata mtoto wa kunyonya anakijua. Nadir alikuwa akikifasiri kuwa "msimwogope mtu", na watoto wanaitikia "hatumwogopi!", na watu wazima tunapita mlangoni tunachukua badia zetu.

Amjad akainuka akajipangusa. "Mimi Ijumaa nna wageni wa Kizimbani, wanataka kuona viungo. Sitowahi kikao." Akatutazama. "Na nyinyi mkinikuta mbele ya mlango, piteni tu." Tukafahamiana.

Tukarudi kwa miguu, Nadir mbele, mpaka Mlandege. Pale katikati ya makelele ya wauza nguo, watu wanatupiga vikumbo, akasimama. "Dada, mtu yule kakaa anawaambia watoto msiruke. Na mimi nakaa pembeni yake nawaambia rukeni."

"Basi Ijumaa usiyaseme hayo," nikamwambia. "Sema mimi nafasiri tu. Wakuulize zaidi, kohoa." Ndivyo nilivyomwambia, na leo ningemwambia vivyo hivyo. Ndugu yangu ni huyo huyo mmoja.

Ijumaa watu walijaa kwenye uwanja wa Mzee Abdulrazak. Bi Shariffa alikaa mbele, na Muzna pembeni yake, mkono kwenye plasta unaning'inia shingoni. Mzee akafungua kikao kwa dua, akasema Amjad kaomba radhi, ana wageni, kisha akamgeukia Nadir bila ya kuzunguka. "Mwanangu, hebu tueleze. Yale maneno ya joho, ni yako au ni ya yule mtu?"

Nadir alifungua mdomo. Nikaona midomo inatafuta neno, na nikajua mjinga huyu anataka kusema kweli. Nikakohoa mimi. Lakini wala hapakuwa na haja, kwa sababu Bi Rukaiya, mzazi mmoja wa mtaani, aliruka kutoka nyuma.

"Mzee, unamwonea! Yeye anafasiri tu. Mfasiri ana kosa gani? Hayo ni maneno ya Wataliana! Watu wanaotembea nusu uchi pwani kwetu, watajua nini kulea watoto?"

"Kweli!" watu wakaitikia. "Wallahi kweli!"

Hata Bi Shariffa akatikisa kichwa kukubali. "Mimi na Nadir sina neno," akasema. "Kijana wa watu, mpole. Neno langu ni na yule mwenye nywele za mahindi."

Basi Nadir akasafishwa kabla hajajitetea. Mzee Abdulrazak akapiga fimbo chini. "Sikiza, Nadir. Kwa kuwa wewe una akili, na lugha yao unaijua, huwezi ukamsahihisha kidogo huyo Mtaliana? Anapokosea, wewe useme lililo sawa. Ukiweza, kibanda kitabaki. Ukishindwa, nakifunga leo."

Jamani! Nlishika mdomo kwa mkono wangu mwenyewe.

Hapo ndipo wazazi walipoanza kumtilia masharti Simai Radi, kila mmoja lake. Muhiddin, fundi umeme, alitaka asishike waya hata akivaa glovu zake za buluu. Mzee akasema hilo la kuona nyuma ya kuta liondoke kabisa, nyuma ya kuta mna wake za watu. "Na kama ndani mna mwizi?" mtu mmoja akauliza. "Abishe hodi," Mzee akajibu, na ikapita. Bi Rukaiya akasema asipae kabla ya kumuaga mamake, aseme anakwenda wapi na anarudi saa ngapi, na adhana ikilia ashuke popote alipo. Mwengine akataka asile huku anapaa. Yule kijana wa kunyanyua magari alipunguzwa nguvu mpaka nikamwonea huruma. Alibakiwa na kidevu tu.

Bi Shariffa akainuka wa mwisho. "Mimi nataka moja. Awaambie watoto joho lake liko moja tu duniani, na linamtii yeye peke yake. La mtu mwengine, hata litoke Maskati, halifanyi kazi."

"Na likirowa lisipae," akadakia Muhiddin. "Masika haya yanakuja."

"Na awaambie wasipande juu," akasema Bi Rukaiya.

Nikamtazama Nadir. Alikuwa katoa macho, jasho linamchirizika shingoni. Walikuwa wakimrudishia, neno kwa neno, yale yale aliyokuwa akiyasema Mtaliana, na kidole chake, kila siku, kila mwanzo. "Ntamwambia aseme hivyo," akajibu, sauti haifiki hata safu ya pili. Watu wakampigia makofi kwa ujuzi wake.

Kesho yake kibanda kilijaa kupita siku zote, na kina mama walisimama nyuma kuhakikisha. Simai Radi akatokea juu ya mlima, Nadir akashika maikrofoni, na kwa mara ya kwanza tangu aifungue kazi ile, akafasiri. Joho langu liko moja tu. Likirowa halifanyi kazi. Msiruke. "Kha, mbona leo kawa mwoga?" mtoto mmoja akauliza. Lakini Simai alipofika kwenye ukuta wa majambazi na kuuvunja kwa ngumi, Nadir akapiga ukelele: "Hodi! Hodi wenyewe! Nna haraka, nawaombeni radhi!" Kibanda kikapasuka kwa kicheko. Akipaa, anapunga mkono: "Mama, nnakwenda, ntarudi kabla ya magharibi!" Adhana ya alasiri ikalia kweli msikitini, na Nadir akazima televisheni, Simai angali hewani. Watoto wakapiga makofi. Bi Shariffa alicheka mpaka akajifuta machozi, na kesho akaja tena, ati kuhakikisha.

Mambo yakawa mazuri hivyo. Watoto wakampenda Simai wa masharti kuliko yule wa mwanzo, pengine kwa sababu na wao kutwa nzima wanakatazwa. Mzee Abdulrazak akaanza kumtaja Nadir kwa wageni wake: kijana wetu huyu kawasahihisha Wataliana. Mimi badia zilikuwa zikinishinda kukaanga.

Muzna alifunguliwa plasta. Alikuwa akija kila siku, anakaa mbele, hacheki sana. Alasiri moja wenzake walipotoka yeye alibaki mkekani. Mimi nlikuwa mlangoni nakusanya sahani zangu. Nadir alikuwa anakunja waya.

"Ami Nadir."

"Naam."

"Simai Radi zamani alikuwa hasemi kuwa joho lake liko moja."

"Sasa anasema."

"Zamani kwa nini hakusema?"

Nikakohoa. Nikakohoa tena, kwa nguvu, na najua alinisikia. Nadir akauweka waya chini, akachutama mbele ya yule mtoto. Hakutumia sauti ya Simai, alitumia ile yake ya ndani ya kola.

"Alikuwa akisema, Muzna. Tangu siku ya kwanza alikuwa akisema. Mimi ndiye niliyekuwa simfahamu. Nikakwambieni ya kwangu."

Muzna alimtazama. Kisha akautazama mkono wake, akajaribu kuunyoosha kama walivyomfundisha hospitali. Ukafika pale unapofika, ukakataa.

"Mama anajua?"

"Hajui. Ntakwenda kumwambia."

Mtoto akafikiri. "Usimwambie," akasema. "Atakifunga kibanda. Na mimi nataka kujua kesho Simai anafanya nini."

Nadir akasema "naam", kama kaitwa, akageuka ukutani akalia. Alilia kwa sauti, mtu mzima yule, na Muzna akakaa pale pale mkekani kumngoja amalize.